Waya Uliochoma Shavu la Suzuno

Kila asubuhi ya majira ya baridi, kabla hata ya chai, Mzee Yasukichi Sotoyama alishika beleshi na kutoka kuondoa theluji. Alianzia mlangoni kwake, akafuata njia hadi barabarani, kisha akageuka kushoto mpaka kwenye nguzo ya umeme. Hapo alisimama. Nguzo ile ndiyo ilikuwa mpaka wake na jirani yake, Bi Orie Watabiki. Bi Orie naye aliondoa theluji ya kwake mpaka nguzo ile ile, kwa upande wa pili. Katikati kilibaki kigongo cha theluji kisicho na mwenyewe. Kilisimama pale mpaka jua la mwezi wa tatu lilipokiyeyusha.

Majirani hao wawili walisalimiana kwa kuinamisha vichwa. Zaidi ya hapo, kimya. Ulikuwa mwaka wa tano sasa.

Hawakugombana. Kisa kilikuwa bakuli. Wiki aliyozikwa Tokie, mke wa Mzee Sotoyama, Bi Orie alileta magimbi na kuku katika bakuli jekundu lenye mfuniko. Mzee alikula, akaliosha bakuli, akalifuta. Sasa, chombo cha jirani hakirudi kitupu. Katika mji wa Sanjo, huko Japani, hata mtoto analijua hilo. Lakini aliyekuwa akijua kitu cha kutia bakulini ni Tokie, na Tokie hakuwepo. Mzee akaliweka kabatini, akasema, "Kesho nitapata cha kutia." Kesho ikawa mwezi. Mwezi ukawa mwaka. Aibu nayo ni kama chuma kilichoachwa nje, kila siku kinazidi kuota kutu. Mwishowe akawa anapita mlangoni pa Bi Orie akitazama miguu yake mwenyewe.

Mzee alikuwa fundi. Kwa miaka hamsini na miwili alitengeneza koleo ndogo za kukatia. Koleo zake zilikata kucha, zilikata waya, zilikata vijitawi vya miti ya kwenye vyungu. "Koleo ya Sotoyama haikati mara mbili," alipenda kusema. Maana yake, mara moja inatosha. Mikono yake ilijua kila kitu cha chuma. Cha jikoni haikujua hata kimoja.

Kisha, mwezi wa nne, nyumba ile ya kimya ilipata mtu wa pili.

Binti yake Natsue, ambaye ndoa yake ilikuwa imevunjika, alipata kazi ya kutunza wazee huko Yokohama. Chumba alichopewa hakikuruhusu mtoto. Akamleta Suzuno, bintiye wa miaka kumi na mitatu, akae na babu yake.

Siku ya kuondoka, Natsue alisimama mlangoni akifunga viatu. "Baba, tujaribu mpaka mwaka mpya," alisema. "Ukiona ni mzigo, niambie. Rieko yuko Osaka na nyumba yake ni kubwa. Atamchukua."

Rieko alikuwa mdogo wake Natsue.

"Mzigo gani?" Mzee alijibu. "Nimebeba chuma miaka hamsini. Nitashindwa na kitoto cha kilo arobaini?"

Alicheka. Lakini neno lile, mpaka mwaka mpya, lilibaki kifuani kama mwiba wa samaki.

Mwezi wa tano Suzuno aliwekewa vyuma vya meno. Babu yake ndiye aliyempeleka kwa treni hadi mjini Niigata, kwa Daktari Inomata, anayepanga meno. Kwenye kila jino daktari aligandisha kishikizo kidogo cha chuma. Kisha akapitisha waya mwembamba juu ya vishikizo vyote, ili uyavute meno polepole yakae kwenye mstari. Muuguzi akaeleza mambo mengi. Suzuno alisikia machache tu, maana meno yalikuwa yanamuuma. Mzee naye aliitikia "Ndiyo, ndiyo" kila neno, kwa sababu hakutaka muuguzi yule kijana adhani kuna jambo la chuma asilolijua. Akapewa bahasha nene. Akaipokea kwa mikono miwili.

Suzuno hakuwa msemaji. Shuleni alikuwa mgeni. Alipocheka alifunika mdomo kwa mkono, na baada ya vyuma kuwekwa akaacha kucheka kabisa. Jioni walikaa kwenye meza ya moto, ile yenye kipasha joto chini yake, miguu yao imefunikwa blanketi moja, yeye na kalamu zake za rangi, babu na gazeti lake. Saa nzima ingepita bila neno. Lakini mlangoni palikuwa na jozi mbili za viatu, na Mzee alizitazama kila alipoingia.

Siku ya mwisho ya mwaka ilifika. Theluji ilianguka tangu alfajiri, nzito na kimya. Natsue alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Baba, sitaweza kuja. Wenzangu wawili wanaumwa, na wazee hawawezi kuachwa peke yao sikukuu."

"Haya. Fanya kazi yako."

"Suzu yuko sawa?"

"Yuko sawa."

Mzee alikata simu. Suzuno alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Alikuwa amesikia. Akarudi kwenye kalamu zake.

Mzee hakujua namna ya kumfariji mtoto kwa maneno. Akafanya lile alilokuwa akifanya Tokie. Akatoa vipande vya mochi, ule wali wa kunata uliopondwa kinuni na kukatwa kama sabuni, akavipanga juu ya jiko la mafuta ya taa. Alivigeuza kimoja kimoja kwa koleo. Vikaumuka, vikapasuka, vikatoa harufu tamu.

"Njoo ule, Suzu. Cha kwanza chako."

"Babu, daktari alikataza vitu vya kunata."

"Alikataza peremende. Hii ni mochi. Mwaka haufungwi bila mochi. Mama yako akiwa kama wewe alikula sita."

"Mama hakuwa na vyuma."

"Tafuna upande mmoja basi. Polepole."

Suzuno alimtazama babu yake. Uso wa mzee ulikuwa mwekundu kwa joto la jiko, na kwenye paji la uso kulikuwa na unga. Akachukua. Aliuma, akavuta. Mochi ikarefuka kama mpira. Mdomoni kukalia, *ta!*

Akaacha kutafuna.

"Nini?" aliuliza babu.

"Hakuna."

Akaenda bafuni, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alisema ameshiba.

Siku ile hakula mchana. Usiku walipokaa kula samaki wa kufungia mwaka, aligusa wali kwa vijiti akaviweka chini. Asubuhi ya mwaka mpya alikunywa mchuzi tu. Mzee aliona, akajiambia, "Anamkumbuka mama yake. Mtu akikumbuka, chakula hakipiti." Jambo hilo alilijua vizuri. Mwaka aliokufa Tokie alipungua kilo tisa.

Natsue alipiga simu ya picha kuwatakia heri. Suzuno aliongea akiwa amefunika mdomo kwa kitambaa. "Heri ya mwaka mpya, Mama. Ndiyo. Nimekula. Ndiyo, nyingi." Simu ilipokatika aliweka kitambaa mezani. Mzee akaona doa la damu.

"Suzu. Fungua mdomo."

Mtoto akatikisa kichwa.

"Nimesema fungua."

"Usimwambie Mama." Machozi yalikuwa yameshajaa. "Babu, tafadhali. Ukimwambia atanipeleka Osaka."

Mzee alikaa chini. Kwa miezi minane alidhani mtoto huyu anahesabu siku za kuondoka.

"Kwani Osaka hutaki?"

"Mama mdogo ana watoto watatu. Wote wanaongea kwa pamoja. Halafu wananiuliza, mbona hucheki, mbona husemi." Alifuta pua. "Hapa nikinyamaza hakuna anayeniuliza."

Maneno yale yalikuwa ya shukrani, lakini yalimchoma babu. *Mimi ndiye niliyepaswa kuuliza,* aliwaza.

Akachukua taa, akatazama. Upande wa kulia, karibu na nyuma, kishikizo kimoja kilikuwa kimebanduka kwenye jino. Kilining'inia kwenye waya, kinazunguka kama ushanga kwenye uzi. Ncha ya waya ilikuwa imechomoka kwenye kishikizo cha mwisho, nayo ilichoma shavu kwa ndani. Nyama ilikuwa imechimbika, nyekundu.

Mzee akavuta pumzi. Kwa ajabu, moyo wake ukatulia. Hiki kilikuwa chuma.

"Kazi ndogo," alisema. "Nakata ncha, kata moja. Kishikizo tunakibandika kwa gundi. Dakika mbili. Mama yako hatajua, Osaka hawatajua."

Wakaingia karakana. Palikuwa na baridi na harufu ya mafuta ya mashine. Suzuno alikaa kwenye kiti cha chini, ameshika aproni ya babu yake kwa mikono miwili. Mzee akatoa supaglu kwenye droo, akaitia mfukoni. Akachagua koleo namba tatu, ile ya ncha nyembamba. Hata Tokie hakuruhusiwa kuigusa.

Lakini fundi wa kweli hakati kitu kabla ya kujaribu. Akatafuta waya mwembamba kama ule wa mdomoni, akaukata ncha. *Tik!*

Kipande kiliruka. Mzee hakuona kimekwenda wapi. Alisikia kikigonga kopo, huko pembeni, mbali.

Akabaki amesimama. Kwa miaka hamsini na miwili vipande vile vilikuwa vikiruka. Alivikuta kwenye mikunjo ya nguo, kwenye soksi, mara moja ndani ya sikio. Ndiyo maana alivaa miwani ya kazi. Akatazama mdomo wa mjukuu wake, ulio wazi, unaomsubiri. Ndani ya mdomo ule kipande kingeruka kwenda wapi? Koo lilikuwa pale pale, jeusi na wazi.

"Funga mdomo, Suzu," alisema polepole.

"Umeshindwa, Babu?"

"Nimeshindwa." Hakukumbuka mara ya mwisho kutamka neno hilo. Akaiweka koleo mezani. "Vaa koti. Hapana, kaa hapa kwenye moto. Nakwenda kwa jirani."

Watu wote wa mtaa walijua kwamba Bi Orie alifanya kazi miaka thelathini na mmoja kama muuguzi wa meno, kabla hajastaafu. Mzee pia alijua. Alifungua kabati, akatoa bakuli jekundu. Akatazama ndani. Tupu. Akaangalia jikoni. Hakuona kitu cha heshima cha kutia, na mtoto alikuwa anaumwa. Akalifunika hivyo hivyo, akatoka. Kwenye nguzo ya umeme akakipanda kile kigongo cha theluji, akazama mpaka magotini, akatokea upande wa pili.

Bi Orie alifungua mlango. Alikuwa mama mfupi, mnene kidogo, mwenye macho ya kucheka.

"Ee! Mzee Sotoyama! Na bakuli langu! Nilidhani limeolewa huko kwako."

"Heri ya mwaka mpya, Bi Orie." Mzee aliinama mpaka theluji ikamwanguka kutoka kofiani. "Ni tupu. Miaka mitano, na bado ni tupu. Nina aibu. Lakini mjukuu wangu anaumwa, waya umemchoma shavu, nami nilitaka kuukata."

Bi Orie akaacha kucheka. "Umeukata?"

"Sijaukata."

"Mungu wako mkubwa. Ngoja nichukue miwani."

Alipoingia kwa Mzee, jambo la kwanza alinawa mikono kwa sabuni. La pili alikaa mbele ya Suzuno, akamshika mkono.

"Hujambo, mama? Mimi ni Bibi Orie wa mlango wa pili. Kila siku nakuona ukipita na begi lako. Nijibu kwanza. Unapumua vizuri?"

"Ndiyo."

"Kuna kitu umemeza? Kipande cha chuma?"

"Hapana."

"Homa? Uso umevimba? Damu inatoka bila kukatika?"

"Inatoka kidogo tu, halafu inaacha."

"Vizuri." Bi Orie akamgeukia Mzee. "Angejibu ndiyo hata kwa moja, tusingekaa hapa. Tungeita gari la wagonjwa sasa hivi, sikukuu au si sikukuu. Lakini hili ni tatizo dogo. Linauma sana, ila ni dogo. Tatizo dogo tunalituliza nyumbani mpaka daktari afungue. Kutuliza, Mzee. Si kutengeneza."

"Nilifikiri labda nimpe pombe ya sake kidogo asukutue."

"Sake kunywa wewe. Yeye mletee glasi ya maji ya uvuguvugu, na nusu kijiko cha chai cha chumvi."

Suzuno alisukutua taratibu, akatema, akarudia. Maji yalitoka na wekundu kidogo, kisha yakatoka safi. Bi Orie akachukua kijiti cha pamba, kile cha kusafishia masikio, kipya kutoka kwenye pakiti. Kwa upande wa pamba akaisukuma ncha ya waya polepole, ilale karibu na jino, mbali na shavu. Ililala kidogo, lakini haikulala yote.

"Haitaki zaidi, basi tusiilazimishe," alisema. "Tutaifunika kwa nta. Nta iko wapi?"

"Nta gani?" aliuliza Mzee.

"Ya meno. Kliniki hawakukupa bahasha?"

Mzee aliinuka. Uso ulimwiva. Alikwenda kwenye altari ya marehemu, pale penye picha ya Tokie, akafungua droo ya chini. Humo ndimo mlimokaa mambo yote makubwa ya nyumba: hati ya kiwanja, vyeti vya shule vya Natsue, tuzo ya ufundi. Siku ile ya mwezi wa tano aliiweka bahasha mbele ya picha, akamwambia mkewe, "Mjukuu wetu ameanza matibabu," kisha akaifungia humo kwa heshima zote. Haikuwa imefunguliwa.

Bi Orie alitazama bahasha, akatazama picha. "Ulimpa marehemu akusomee?"

"Tokie alikuwa mtunzaji mzuri wa karatasi."

Suzuno akacheka. Kidogo tu, kisha akashika shavu. "Aa, usinichekeshe, Babu."

Ndani ya bahasha kulikuwa na kikasha cha nta nyeupe, kioo kidogo, na karatasi yenye maandishi makubwa. Mstari wa kwanza ulisema: *Usile vitu vigumu wala vya kunata: karanga, ngisi mkavu, peremende, mochi.* Mzee aliusoma mara mbili.

"Shika kioo," Bi Orie alimwambia Suzuno. "Utafanya mwenyewe. Mimi na babu yako hatutakaa nawe darasani. Umeshanawa? Haya, kwanza kausha pale kwa karatasi laini, nta haishiki penye mate. Sasa chukua nta kiasi cha punje ya njegere. Izungushe vidoleni mpaka ilainike. Ibandike juu ya ncha ya waya. Bonyeza. Na kile kishikizo kinachozunguka, kipe punje yake, kisikusumbue."

"Nikimeza je?"

"Nta kidogo haina madhara. Ukitaka kula au kupiga mswaki unaitoa, ukimaliza unaweka mpya. Na mswaki upige, hata kama panauma. Polepole tu. Kidonda kinataka usafi."

Suzuno alibandika. Mara ya kwanza ikaanguka. Mara ya pili ikashika. Akapitisha ulimi. Akafunga mdomo, akaufungua, akaufunga tena.

"Haichomi," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshtuka.

"Kishikizo kisipotoka hapo kwenye waya, msikivute," Bi Orie aliendelea. "Kikitoka chenyewe, kiweke kwenye kikopo safi, umpelekee daktari. Na wewe, Mzee, hicho mfukoni mwako ni nini?"

Mzee akatoa supaglu.

"Hiyo ni ya vikombe. Mdomoni inaunguza nyama, na tena inagandisha kishikizo pasipo pake. Daktari ataanza kazi kwa kubandua kazi yako. Sasa lete simu. Karatasi ina namba ya sikukuu, hii hapa."

"Leo? Daktari anakula na familia yake."

"Na mjukuu wako hali. Piga."

Mzee akapiga. Daktari Inomata mwenyewe alipokea. Alisikiliza, akauliza maswali yale yale ya Bi Orie, akasema nta iendelee, chumvi baada ya kila mlo, chakula laini, na dawa ya maumivu ya watoto kwa kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi kama itahitajika. Waya usikatwe. Waje tarehe nne, saa tatu asubuhi. "Hali ikibadilika, mnipigie saa yoyote," alisema. "Mmefanya vizuri kupiga."

Bi Orie aliondoka na bakuli lake. Baada ya nusu saa alirudi nalo, limejaa uji wa wali na yai la mvuke, laini kama maziwa mgando. Suzuno alikula lote. Alikula kimya, lakini kijiko hakikupumzika. Mzee alimtazama, akakumbuka siku mbili zote alizomwacha na njaa akidhani ni huzuni.

Bado lilibaki jambo moja. Mzee akachukua simu.

"Babu, usimwambie!"

"Kama nikificha, basi kweli sifai kukulea." Akabonyeza namba. "Natsue. Nimekosea."

Natsue akasema, "Baba, umewahi kuniambia umekosea?"

"Sijawahi."

Akamweleza yote: mochi, damu, koleo namba tatu, kipande kilichoruka. Hakuruka neno. Natsue hakupiga kelele, na hilo lilimtisha zaidi.

"Ungemkata, Baba."

"Ningemkata."

"Tarehe nne nitaongea na daktari mwenyewe," Natsue alisema. "Halafu nitaamua kuhusu Osaka."

Siku tatu zile zilikuwa ndefu. Theluji haikukoma. Asubuhi na jioni babu na mjukuu walikaa mbele ya kioo, wakabadilisha nta. Mzee hakugusa mochi. Kila alipoingia nyumbani aliziangalia jozi mbili za viatu, akaona kama moja imeshaondoka, imebaki alama ya maji tu sakafuni.

Tarehe nne walipanda treni ya kwanza. Daktari alitazama shavu. Kidonda kilikuwa kinafunga. Kisha akachukua koleo ndogo yenye shingo iliyopinda, akaingiza mdomoni, akakata ncha ya waya. Hakikusikika kitu kikiruka. Alipotoa koleo, kipande kilikuwa kimebanwa kwenye ncha zake.

Mzee aliinuka kitini. "Daktari. Samahani. Naomba nione hiyo."

Akapewa. Akaigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba kwenye maungio.

"Inakata na inashika," alisema kwa sauti ya chini. "Zangu zinakata tu."

"Ndiyo tofauti, Mzee," alisema daktari. Akagandisha upya kishikizo, kisha akampigia Natsue simu, spika ikiwa wazi. "Mama Suzuno, jino halijahama. Kuna watu wanakaa kimya wiki mbili, jino linarudi nyuma, kazi ya miezi inapotea. Kuna wanaovuta, kuna wanaotia gundi. Huyu kaletwa safi, na nta anaiweka vizuri kuliko wagonjwa wangu wengi. Nyumbani kwake kuna mtu mwangalifu."

Mzee alitazama viatu vyake.

"Suzu," sauti ya Natsue ilisema, "wewe unataka nini?"

Suzuno aliondoa mkono mdomoni. "Nataka kukaa na Babu. Amejifunza kuuliza."

"Anauliza nini?"

"Kila kitu. Inauma? Umekula? Nani kakaa na wewe darasani? Anachosha kweli."

Natsue alicheka, au alilia, kwenye simu ni vigumu kutofautisha. "Basi kaa. Kaa mpaka umalize shule."

Jioni ile Mzee aliibandika karatasi ya daktari kwenye mlango wa friji, usawa wa macho. Kikasha cha nta, kioo na vijiti vya pamba vikaingia kwenye begi la shule. Kwenye droo ya Tokie ilibaki bahasha tupu. Mzee aliinama mbele ya picha akasema, "Hii nakuachia. Vilivyokuwa ndani tunavitumia."

Kisha akachukua bakuli jekundu, lililokuwa limeoshwa. Safari hii alijua cha kutia.

Kwenye nguzo ya umeme, kigongo cha theluji kilikuwa na uwazi katikati, upana wa beleshi moja. Suzuno ndiye aliyekikata, maana kwa siku tatu alipita hapo na bakuli, mara limejaa, mara limeoshwa. Mzee akapita bila kulowa.

Bi Orie alifungua mfuniko. "Mochi! Zote hizi?"

"Zote za nyumba. Mtoto haruhusiwi, na mimi sitakula mbele yake. Nimezikata ndogo ndogo, maana na wewe si kijana. Tafuna vizuri."

"Kumbe una ulimi, Mzee Sotoyama. Miaka mitano uliuficha wapi?"

Mzee aliinamisha kichwa kuaga. Alikuwa ameshageuka kuondoka, lakini penye uwazi wa theluji akasimama.

"Bi Orie. Hilo bakuli."

"Lina nini?"

"Usilikalie miaka mitano."

Kesho yake, kabla ya chai, lilirudi.